Unga wa asidi oksaliki kwa vikombe vya nguzo za reli: nyota nne kati ya tano

Anayekusanya vikombe vya zamani vya nguzo za simu za reli (vihami vya kauri vinavyoshika waya ili umeme usivuje kwenye nguzo), awe Tabora au Kigoma, anahitaji dawa moja tu ya kuondoa kutu: asidi oksaliki ya unga, mfuko wa kilo moja. Inatoa kutu iliyoingia kwenye nyufa ndogo, inafuta michirizi ya kijivu iliyoachwa na waya, na haili tabaka la kioo linaloifanya kauri ing'ae. Nyota moja tumeipunguza kwa sababu mbili. Ni sumu kali ikimezwa, na huku kwetu si bidhaa ya kuikuta kila duka. Mara nyingi huagizwa Dar es Salaam au Mwanza.

Kabla ya kusifia dawa, tuutazame uchafu wenyewe, maana ndio unaoamua. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, enzi za Wajerumani. Vikombe vya Kijerumani vya wakati huo ni vya kauri nyeupe, vyenye kengele mbili, moja ndani ya nyingine. Mvua ikinyesha, kengele ya ndani hubaki kavu, na umeme haupati njia yenye unyevu ya kutambaa hadi kwenye chuma. Walipokuja Waingereza, tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza likakamilika mwaka 1928, na mwaka 1948 reli ikaingia chini ya East African Railways and Harbours. Kikombe cha Kiingereza kinachojulikana zaidi ni cha umbo la Cordeaux, lililopewa hataza mwaka 1877: ndani kina hesi (mizunguko ya skrubu) pana zenye kingo za mviringo, na hukalia pete ya mpira kwenye bega la mti wake wa chuma. Kipo cha kauri nyeupe, kipo cha udongo wa kahawia. Jina la kiwanda cha Bullers ni miongoni mwa majina yanayoonekana sana kwenye vikombe vya Kiingereza.

Njia hii ya zamani haikuvuta treni kwa umeme hata siku moja. Ilikuwa mvuke, kisha dizeli. Kwa hiyo vikombe vyake ni vya telegrafu, simu na mawasiliano ya stesheni kwa stesheni. Vihami vikubwa vya umeme wa treni ni vya SGR, vinabeba kilovolti 25, na hivyo si vya kukusanya wala kuvikaribia.

Basi kikombe kilichokaa juu ya nguzo miongo kadhaa kati ya Urambo na Kaliua, au kati ya Nguruka na Uvinza, huwa na matabaka matatu. Juu kuna masizi na grisi ya injini. Katikati kuna vumbi la udongo mwekundu lililogandishwa na ile grisi. Chini kabisa kuna kutu iliyotiririka kutoka kwenye kulabu ya chuma inayobeba kikombe, au kwenye waya. Wekundu wa udongo wetu unatokana na oksidi za chuma, kwa hiyo asidi oksaliki inaushughulikia sawasawa na kutu. Grisi haiigusi kabisa. Wengi wanaolalamika kwamba dawa hii haifanyi kazi wamekitumbukiza kikombe chenye grisi moja kwa moja kwenye asidi. Asidi haikufika kwenye kutu, imeishia juu ya mafuta.

Kwenye kununua, tazama lebo. Unachotaka ni fuwele nyeupe zenye fomula C2H2O4·2H2O na namba ya utambulisho wa kemikali (CAS) 6153-56-6. Ya kiwandani huandikwa usafi wa asilimia 99.6, na hiyo inatosha. Ya maabara ni ghali bila faida kwa kazi hii. Ukikuta CAS 144-62-7, hiyo ni ileile isiyo na maji ya fuwele, ina nguvu zaidi kwa uzito uleule, punguza kipimo kwa karibu asilimia 30. Achana na chupa za maji yaliyokwisha kuchanganywa yasiyotaja kiasi cha asidi, kwa sababu unalipia maji na huwezi kupiga hesabu. Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, umwombe na karatasi ya maelezo ya usalama. Usikubali kabisa kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni usio na maandishi. Unga huu ukiuona unaweza kusema ni sukari au chumvi, na gramu chache zikimezwa zinaharibu figo na zinaweza kuua.

Mwenzake wa lazima ni kostiki soda, na hapo Kigoma ina bahati, kwa kuwa watengenezaji wa sabuni ya mawese wanaitumia na wanajua inakopatikana. Kazi ya kostiki ni kuondoa lile tabaka la juu. Jaza lita 15 za maji baridi kwenye ndoo ya plastiki ya lita 20, kisha mimina gramu 600 za kostiki polepole huku ukikoroga kwa mti. Kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya kostiki, joto hupanda ghafla na mchanganyiko unakurukia usoni. Usitumie sufuria ya aluminiamu, itatobolewa huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Glavu ndefu za mpira na miwani ya kukinga macho ni lazima kuanzia hapa hadi mwisho wa kazi. Loweka saa 12 hadi 24, sugua kwa brashi ya plastiki, suuza mara tatu. Usikiache kikombe humo kwa majuma, kwani alkali nayo hula kioo taratibu na kukitoa mng'ao.

Kwa vikombe vya Kijerumani kostiki ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Mafundi wa wakati huo walizungushia nyuzi zilizoloweshwa mafuta ya kitani kwenye kulabu, kisha wakakisokota kikombe juu yake. Mafuta hayo hukauka yakawa magumu kabisa, na hapo ndipo watu wanapovunja vikombe kwa koleo wakijaribu kuvitoa. Kostiki huyageuza mafuta hayo kuwa sabuni. Kilaze kikombe pamoja na kulabu yake kwenye ndoo siku mbili, kisha kishike kwa kitambaa na ukizungushe kwa mkono, kinyume cha saa. Kisipotoka, rudisha siku moja zaidi. Kama kinachoshikilia ni kutu na si nyuzi, kostiki haitasaidia. Kigeuze kichwa chini, ujaze mafuta ya taa kwenye nafasi iliyo kati ya chuma na kauri, uongeze kila yanapopungua kwa siku tano au zaidi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo kauri tayari inasukumwa kutoka ndani. Pigo dogo la nyundo au moto wa jiko humalizia ufa uliokwisha kuanza.

Baada ya kostiki ndipo zamu ya asidi. Suuza mpaka karatasi nyekundu ya litmasi, ile ya kupimia asidi na alkali, isigeuke buluu, kwani kostiki iliyobaki huigeuza asidi kuwa chumvi isiyofanya kazi na dawa yako inakwenda bure. Kipimo chetu ni gramu 50 kwa lita. Maana yake ni gramu 750 kwa lita 15 ndani ya ndoo ya lita 20, na inabaki nafasi ya vikombe kumi hivi vya ukubwa wa kawaida. Robo kilo inayosalia mfukoni ni ya kuongezea nguvu baadaye. Pima unga ukiwa umevaa barakoa, mahali pasipo upepo, kwa sababu vumbi lake huchoma pua na koo. Maji yawe ya uvuguvugu ili unga uyeyuke upesi, yasiwe yanayochemka. Panga vikombe mdomo ukielekea juu, vijae vizuri, maana kikitumbukizwa mdomo chini hewa hunaswa ndani na sehemu yenye kutu nyingi zaidi haiguswi na dawa.

Madoa mepesi huisha ndani ya saa 24. Kutu ya ndani ya hesi na kwenye ukingo wa chini usio na kioo huhitaji siku tatu hadi tano, na mswaki wa nailoni mara moja kwa siku. Maji yatakuwa ya manjano, kisha ya kijani, na hiyo ni dalili njema kwamba chuma kinahama kutoka kwenye kauri kwenda kwenye maji. Yakifika kijani kizito na kazi ikawa ya kusuasua, ongeza gramu 100 mara moja. Yakigoma tena, dawa imekwisha.

Sasa jua la Tabora, ambalo ndilo chanzo cha kasoro inayowachanganya watu kuliko zote. Ndoo ikiachwa wazi juani, mwanga huivunja ile chumvi ya kijani na kuacha unga wa manjano usioyeyuka, oksalati ya chuma, unaojipaka juu ya kikombe. Mtu huona kikombe kimetoka na manjano kuliko kilivyoingia, akailaumu dawa kuwa ni feki. Dawa ni nzima. Ndoo ilitakiwa kufunikwa na kuwekwa kivulini au ndani ya stoo yenye hewa. Kama umekwisha kuharibu, tengeneza dawa mpya, loweka gizani siku moja au mbili huku ukisugua, na manjano mengi yatatoka.

Kasoro ya pili ni utando mweupe. Huo ni oksalati ya kalsiamu, na unatokana na maji, si asidi. Maji ya visima vingi huwa na chokaa. Maji ya Ziwa Tanganyika nayo yana madini mengi yaliyoyeyuka kuliko ya Ziwa Victoria, kwa hiyo aliyeko Kigoma ataona utando huu upesi kuliko mwenzake wa Tabora anayetumia maji ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria. Dawa yake ni maji ya mvua. Kinga mapipa mawili wakati wa masika, yatatosha kazi ya mwaka mzima, kuchanganyia na kusuuzia pia. Utando ukishajenga, ni kazi ngumu kuutoa bila kuikwaruza kauri.

Kikombe cha udongo wa kahawia kiangaliwe kwa makini kuliko cha kauri nyeupe. Kauri nzuri iliyoiva haifyonzi maji. Ipime kwa tone la wino mahali palipomeguka: likifutika lote, kauri imeiva, likizama, kikombe kinafyonza. Kinachofyonza kitabeba asidi ndani yake, na majuma kadhaa baadaye fuwele nyeupe zitachomoza kwenye mmeguko kikiwa rafuni. Hicho loweka si zaidi ya siku moja, kisha kikae kwenye maji ya mvua siku tatu, yakibadilishwa kila siku. Suuza ya kwanza iwe na kijiko kimoja cha bekingi soda kwa lita, kuua asidi iliyobaki.

Kuna vitu visivyotakiwa kuingia kwenye ndoo ya asidi hata kidogo. Vihami vya laini za umeme vyenye kofia ya chuma iliyogandishwa kwa saruji, kwa sababu ya chuma hicho. Kulabu na miti ya chuma: asidi huvua zinki yote, kisha huacha utando wa manjano wa oksalati juu ya chuma. Pete za mpira zivuliwe kwanza, zioshwe kwa sabuni. Na vile vyenye namba au mistari iliyopakwa rangi kwa brashi visiingie hata kwenye ndoo ya kostiki. Rangi hiyo kostiki huiondoa ndani ya usiku mmoja, na pamoja nayo hupotea habari ya nguzo au waya kilikotoka kikombe. Kwa maoni yetu kikombe chenye namba ya rangi na uchafu wake kina thamani kuliko kilichong'arishwa kikawa bubu. Kifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, basi. Alama za kiwanda zilizogandamizwa kwenye udongo au kupigwa chini ya tabaka la kioo hazina hofu, zitatoka zikisomeka vizuri zaidi.

Tukilinganisha na yale watu wanayotumia, tofauti ni kubwa. Dawa ya choo yenye asidi haidrokloriki hutoa kutu upesi, ila mvuke wake hushikisha kutu kila chuma kilichomo stoo na huacha manjano kwenye sehemu zisizo na kioo. Jik haitoi kutu kabisa, na ikikutana na asidi yoyote hutoa gesi ya klorini inayoweza kuua ndani ya chumba. Isiwepo karibu na kazi hii. Stilwaya huacha michirizi ya kijivu na vipande vidogo vinavyoota kutu upya. Mchanga na majivu yenye mchanga hukwaruza kioo, na mkwaruzo hauna tiba. Dawa za kutu zenye floridi hula kioo chenyewe na ni hatari kupita kiasi kwa ngozi na mifupa, hata usifikirie. Inayobaki yenye heshima ni asidi ya sitriki, gramu 100 kwa lita. Inachukua muda mrefu zaidi, kutu ya zamani sana haiimalizi, lakini nyumba yenye watoto wadogo na isiyo na stoo ya kufunga kwa kufuli ichague hiyo. Ndimu na ukwaju ni kwa kutu changa tu.

Kulabu ziachiwe njia yake. Zipigwe brashi ya waya, zikaushwe juani, kisha zipakwe nta ya nyuki ikiwa ya moto. Tabora hatuna shida ya nta, na nta safi iliyochujwa hukinga chuma vizuri bila kukipa rangi ngeni. Kikombe chenyewe kisipakwe kitu. Muuzaji anayekiuza kikiwa kimepakwa mafuta anaweza kuwa anaficha nyufa, kwa sababu mafuta hujaza ufa usionekane. Omba kioshwe mbele yako. Ukiweza kupata tochi ya mwanga wa urujuani wa nanomita 365, gundi ya epoksi kwenye kikombe kilichoungwa mara nyingi hung'aa rangi nyeupe ya kibuluu gizani. Za nanomita 395 ni za bei nafuu, ila zambarau yao huzidi na kuficha unachokitafuta.

Kuhusu mahali pa kupata vikombe, kauli yetu haina mlango wa nyuma. Nguzo iliyosimama, hata kama haina waya, na kikombe kilicholala kando ya tuta la reli, ni mali ya reli na viko kwenye ardhi ya reli. Usipande, usiokote, usimtume kijana akuokotee. Ukinunua kwa mtu wa skrepa, dai risiti na umuulize shehena imetoka mnada gani; akisita, mwachie. Hobi hii itaharibiwa na wezi wa waya upesi kuliko kutu inavyoharibu kulabu, na mkusanyaji asiyeuliza maswali ndiye soko lao.

Dawa ikiisha nguvu haimwagwi mtaroni. Kwa kila kilo ya unga uliotumika weka karibu gramu 600 za chokaa nyeupe, koroga, acha ikae mpaka kesho yake. Chini itatulia tope la oksalati ya kalsiamu, ambayo haiyeyuki kwenye maji. Maji ya juu yapimwe kwa litmasi. Karatasi ya buluu isipogeuka nyekundu, yamwagwe kwenye shimo lililo mbali na kisima na bustani, na tope lifukiwe humohumo. Kostiki iliyotumika ihifadhiwe kwenye galoni yake kwa kazi inayofuata. Ndoo zote mbili ziandikwe SUMU kwa rangi isiyofutika na zisirudi jikoni kamwe.